Mwanangu, leo jiaozi zimenipasukia

Mama'ngu mzuri,

Huku Guangzhou nipo salama ila mzigo bado, kontena wanasema keshokutwa, kila siku keshokutwa, basi nimekaa tu kama mgeni wa siku ya nane. Hapa Xiaobei kwenye mitaa yetu ya Waafrika nimepata kimgahawa cha jiaozi, meza sita tu, ni cha familia ya Wachina Waislamu na mlangoni wameandika halali kwa Kiarabu ndo maana nikaingia bila wasiwasi. Baba mtu yuko kwenye sufuria, mama anajaza nyama, bibi anasukuma, na katoto kao kanafanya homuweki pale pale kakiitwa kananyanyuka kupeleka sahani.

Jiaozi yenyewe we ungesema sambusa iliyonyimwa mafuta, maana inachemshwa. Nyama ya kondoo ya kusaga na karoti, unachovya kwenye siki nyeusi, pembeni kitunguu saumu kibichi wanatafuna hivi hivi jamani! Sasa uone mkono wa bibi: wa kulia unasukuma kijiti, wa kushoto unazungusha kidonge cha unga, manda inatoka ya duara, pembeni nyembamba katikati nene ili chini isitoboke. Gundi ya unga hawaweki, wanabana kwa vidole tu. Sufuria ikichemka wanamwagia kikombe cha maji baridi, ikichemka tena wanamwaga, mpaka mara tatu, nyama inaiva na manda haichaniki.

Mi nikajitia najua, nikaomba nifunge. Nimefunga kumi, nne zimefumuka kwenye maji nyama yote ikaelea. Hapo nikakukumbuka wewe na zile sambusa za Ramadhani, umri wako kama wa haka katoto, zilipofunguka kwenye mafuta nikakufokea mbele ya mashangazi zako ukaenda kulia chooni. Bibi wa watu hata hakuguna, kaziopoa zile zilizopasuka kaziweka kwenye bakuli lake na supu yake, akala yeye, zangu nzima akaniwekea mimi.

Nisamehe mama, nilikuwa na swaumu na wageni wamejaa, ila haikuwa sababu.

Kijiti kama cha bibi nishanunua, kipo kwenye begi la mkononi. Unga upo kwenye ndoo ya bluu, uangalie wadudu. Kondoo tutanunua nikifika.

Mama yako