Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Umeme katika Viwanda vya Plastiki na Mpira

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwaeleze yaliyofanyika katika mwaka unaokwisha na kuwaletea mambo yanayohitaji kura yenu. Mhazini atasoma hesabu baada yangu, na katibu ana orodha ya wanachama wapya na wanaodaiwa ada. Huko siingii. Nitazungumzia kazi yetu yenyewe, yaani umeme unaoendesha ekstruda (mashine zinazoyeyusha plastiki ndani ya bareli na kuisukuma kwa skrubu), mashine za injeksheni (zinazoidunga plastiki ndani ya umbo), vinu vya kuchanganyia mpira na mitambo ya kupuliza filamu, na hasa jambo lililotushughulisha kuliko yote: kwa nini mashine zinasimama wakati umeme upo.

Mwaka huu mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere imekamilika. Kila mmoja ni wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Sisi tuliopita kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, tukizungusha zamu usiku na mchana kufuata ratiba ya umeme, tunaelewa uzito wa habari hiyo. Nawapongeza wote waliofanya kazi ile. Lakini wengi wetu tulidhani bwawa likishajaa nasi shida zetu zimekwisha, na sivyo ilivyotokea. Umeme wa kutosha kwenye chanzo ni jambo moja. Umeme uliotulia mlangoni mwa kiwanda ni jambo jingine.

Mwanzoni mwa mwaka kamati iliwaomba mafundi wa kila kiwanda wafungue daftari la kusimama kwa mashine. Waandike saa, taa zilififia au zilizimika kabisa, kontakta ipi (swichi inayoshikiliwa na sumaku ya umeme) iliachia, jenereta iliwaka au haikuwaka, na uzalishaji ulirudi baada ya muda gani. Si wote walioitikia, na zamu za usiku zimeandika kidogo kuliko za mchana. Hata hivyo madaftari yaliyorudi yanasema jambo moja kwa sauti moja. Usumbufu mkubwa haukutoka kwenye katizo refu la umeme. Umeme ukikatika saa mbili, jenereta inawaka na kila mtu anajua la kufanya. Kilichotuumiza ni volti kuyumba kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, taa zinafifia kidogo tu, na mstari mzima wa kutengeneza mabomba unanyamaza.

Sababu yake si fumbo. Hitilafu ikitokea kwenye njia ya jirani ya kilovolti 33, tawi likiangukia waya au kikombe cha kushikilia waya kilichojaa vumbi na chumvi ya bahari kikipitisha umeme, volti inashuka kwenye njia zote zinazotoka kituo kimoja mpaka swichi ya njia yenye hitilafu ifunguke. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Koili ya kontakta ikikosa karibu nusu ya volti yake kwa mizunguko michache tu, inaachia, na ikishaachia hairudi mpaka mtu abonyeze kitufe. Volti nayo imesharudi zamani. Ukimpigia simu mtu wa TANESCO anakuambia umeme haukukatika, na anasema kweli.

Kwenye polyethilini hasara si kubwa sana: plastiki inaganda ndani ya bareli, unaipasha tena, unaendelea. Kwenye PVC mambo ni mengine. Skrubu ikisimama joto linabaki, na PVC haivumilii kukaa ndani ya joto bila kusogea. Inaanza kuungua, inageuka kahawia halafu nyeusi, na inatoa gesi ya haidrojeni kloridi. Hapo lazima dai, yaani umbo la chuma ambamo plastiki inatokea, ifunguliwe na kusafishwa kwa mikono, na zamu nzima inaweza kuishia kwenye usafi. Ile gesi nayo ikikutana na unyevu wa hewa ya Dar es Salaam inakuwa asidi, inaingia kwenye paneli, shaba inaota ukijani na kadi za elektroniki zinaliwa taratibu. Fundi anabadilisha kadi leo akidhani ni mbovu tangu kiwandani, kumbe imeuawa na moshi wa miezi iliyopita. Nawasihi wenye mistari ya PVC watenge chumba cha paneli na kupeleka humo hewa safi iliyochujwa, yenye msukumo mkubwa kidogo kuliko wa nje ili moshi usipate pa kuingilia. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya draivu moja, kifaa cha elektroniki kinachoongoza kasi ya mota.

Dawa ya kuyumba kwa volti tumeijadili kwa kirefu kwenye mikutano ya robo mwaka, na msimamo wa kamati ni huu. Usianze kwa kununua mtambo mkubwa wa kulinda kiwanda kizima. Anza na saketi ya udhibiti, maana ndiyo dhaifu kuliko zote na inakula umeme mdogo sana. Koili za kontakta na kompyuta ya mashine zikipewa UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoziba pengo la umeme), au saketi ikageuzwa kuwa ya volti 24 yenye betri, misukosuko mingi inapita bila mashine kujua. Kisha fungua mpangilio wa draivu. Draivu nyingi za kisasa zina uwezo wa kutumia mzunguko wa mota yenyewe kushikilia volti ya ndani kwa kitambo hicho kifupi, ila kipengele hicho mara nyingi kinakuja kimezimwa, na hakuna aliyesoma kitabu cha mashine mpaka ukurasa huo.

Hapa nasimama kwa msisitizo. Saketi ya kitufe cha dharura isiguswe na mpango huu. Kitufe chekundu kikibonyezwa, mashine isimame hata kama UPS ina chaji ya siku nzima. Na umeme ukikatika kweli kweli kisha ukarudi, mashine isiwake yenyewe. Nimeona michoro ambayo fundi mwenye nia njema amefungia kila kitu kwenye UPS ili mashine isisumbue. Huyo anaokoa plastiki na kuhatarisha mkono wa mtu.

Madaftari yalifichua jambo la pili ambalo hatukulitafuta. Mara kadhaa mashine ilisimama au bidhaa ikaungua, na chanzo kilikuwa waya wa themokapo, kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti kinachotoa volti ndogo kulingana na joto. Viwanda vyetu vina mashine za China, India, Italia, Ujerumani na Taiwan chini ya paa moja, na vipuri vinanunuliwa popote vinapopatikana. Themokapo ya aina ya J hutoa takriban milivolti 10.8 kwenye nyuzi 200 za Selsiasi. Aina ya K kwenye joto hilo hilo hutoa 8.1. Kidhibiti kilichopangwa kwa J kikiunganishwa na K, kikaambiwa kishike nyuzi 200, kitaendelea kuchoma kikisubiri milivolti 10.8, na K haifiki hapo mpaka joto halisi liwe karibu nyuzi 265. Kwenye skrini unasoma 200. Ndani ya bareli PVC imeshakuwa mkaa.

Rangi za waya nazo zinadanganya. Kwa kanuni za kimataifa za IEC waya mweupe ni hasi. Kwa kanuni za Marekani waya hasi ni mwekundu, na mweupe wa aina ya J ni chanya. Ukiugeuza, joto likipanda kidhibiti kinaona linashuka, na hita haizimi. Tumekubaliana kwenye kamati kwamba kila kiwanda mwanachama kichague aina moja kwa mashine zote zinazoweza kubadilishwa, na kila kidhibiti kibandikwe lebo inayosema ni aina gani. Kwa hili sioni haja ya kura, naomba lifanyike.

Kuhusu bili nitakuwa mfupi kwa sababu mafunzo ya mwezi Agosti yaliligusa vizuri. Mteja mkubwa halipi uniti peke yake, analipia pia kilele cha kVA cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote aliouvuta. Kiwanda kinachotumia kilowati 400 kwa pawa fakta (sehemu ya mzigo inayofanya kazi kweli) ya 0.75 kinavuta kVA 533. Kikipandisha hadi 0.95 kinavuta kVA 421 kwa kazi ile ile. Kapasita za takriban kVAr 220 (kipimo cha ukubwa wake) zinatosha kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba kiwanda kilichojaa draivu kina mawimbi ya ziada ya hezi 250 na 350 yanayorukia kapasita hizo, zinavimba na fyuzi zinakatika, kisha mwenye kiwanda anasema kapasita ni utapeli. Kapasita si utapeli. Zinahitaji rieakta (koili kubwa) mbele yake, ile ya asilimia 7, inayoshusha mlio wa saketi, yaani masafa ambayo saketi inayaitikia kwa nguvu, hadi hezi 189, chini ya mawimbi hayo. Muuzaji asiyekuuliza una draivu ngapi kabla ya kukupa bei, mwache aende.

Wanachama wenye mashine za injeksheni za zamani wameuliza kuhusu pampu za servo, zile zinazozunguka pale tu mashine inapohitaji nguvu. Jibu la kamati ni kwamba kwa mashine ya vitu vinene, kama kreti na viti, ambamo muda mwingi wa mzunguko ni kusubiri bidhaa ipoe, badiliko hilo linastahili kufikiriwa mapema. Pampu ya kawaida inazunguka wakati wote huo bila kazi, inapasha oili, na unalipia tena umeme wa kuipoza. Kwa mashine ya vifuniko vidogo inayofyatua kila baada ya sekunde chache, pima kwanza kabla ya kununua.

Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019, baadhi yetu tumejikuta na mashine tusizozizoea, za kushona mifuko mbadala kwa mitetemo ya hezi elfu ishirini, na mistari ya kusaga na kuyeyusha plastiki iliyokwisha kutumika. Malighafi ya namna hiyo haifanani kilo kwa kilo. Ampea za mota ya skrubu zinapanda na kushuka, na rilei ya kulinda mota iliyopangwa kwa malighafi mpya inakata bila sababu ya kweli, au fundi anaipandisha hadi inakoma kulinda. Suala hili linastahili mafunzo yake mwaka ujao.

Sasa mpira. Upande huu chama chetu ni dhaifu, na sababu inajulikana. Kiwanda cha matairi cha Arusha kiliacha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na pamoja nacho likafungwa darasa kubwa kuliko yote la ufundi huu nchini. Kinu cha Banbury cha kuchanganyia mpira, mota kubwa za DC, breki zinazopaswa kusimamisha roli kabla mkono haujafika katikati, ni mambo ambayo kijana wa leo anayesoma umeme anaweza kumaliza masomo bila kuyaona. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Morogoro, bado yapo. Viwanda vya kuvisha matairi upya, vya mikanda na vya ndala vinafanya kazi. Vyote hivyo vina adui mmoja wa umeme, masizi ya kaboni, unga mweusi laini unaopitisha umeme na kupenya kila tundu. Paneli isiyozibwa vizuri karibu na kinu cha mpira haina umri mrefu. Nimewaomba wazee wetu waliofanya kazi Arusha wakubali kufundisha, na wamekubali kwa moyo. Naomba tuwalipe nauli na posho inayowastahili, wala tusisubiri mwaka mwingine.

Wenzetu wa Akron, Ohio, mji uliojengwa na matairi, wamekuwa na mkutano wa kila mwaka wa matatizo ya umeme katika viwanda vya mpira na plastiki chini ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, kwa miongo mingi. Mhandisi analeta tatizo la kiwandani kwake na namna alivyolitatua, wengine wanamhoji. Hatuhitaji ukumbi wa gharama kufanya hivyo. Tunahitaji waajiri waruhusu mafundi wao waseme kilichoharibika.

Na hilo linanipeleka kwenye jambo zito kuliko yote niliyosema. Mwaka huu mwenzetu mmoja aliumia vidole akibadilisha hita kwenye mashine iliyozimwa kwa swichi tu. Mwendeshaji wa zamu mpya hakujua, akawasha. Amepona na amerudi kazini, namshukuru Mungu. Lakini kufuli moja lingetosha. Fundi anafunga swichi kuu kwa kufuli lake, anaweka lebo yenye jina lake, ufunguo uko mfukoni mwake, na hakuna meneja wala bosi mwenye ufunguo wa pili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Hiyo ndiyo njia ya kumlinda fundi umeme.

Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo matatu. La kwanza, kila mwanachama anayefanya kazi kiwandani apewe na chama kufuli moja na lebo zake, gharama itoke kwenye ada. La pili, daftari la kusimama kwa mashine liwe na fomu moja kwa viwanda vyote, ili tukienda TANESCO tuende na saa na tarehe zinazolingana kutoka viwanda vilivyo kwenye njia moja. La tatu, chama kinunue kifaa kimoja cha kurekodi ubora wa umeme, kizunguke kwa wanachama kwa zamu chini ya usimamizi wa katibu. Mhazini ameniambia fedha zilizopo zinatosha kwa mawili kati ya haya matatu. Mkiniuliza mimi, kufuli lipite kwanza, daftari lifuate, na kifaa kisubiri ada za mwakani.

Karatasi za kura ziko mezani kwa katibu.

Mwenyekiti