Mafuriko ya Bwaise yanaanzia mlimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mpangaji hapa Bwaise, bondeni Kampala, mwaka wa 9 sasa, nauza mitumba, na mvua za Machi zikianza hatulali, maana ikinyesha usiku unaamka unapandisha godoro juu ya meza na watoto juu ya godoro, halafu mnasubiri. Na hayo maji si ya mvua tu. Vyoo vya huku vimeinuliwa vina ngazi kwa sababu ukichimba kidogo tu unakuta maji, sasa mafuriko yakija yanabeba vya chooni yanaingia navyo ndani.

Kila mara tunaahidiwa mtaro mkubwa zaidi. Sikatai mtaro jamani, bila ule wa Nsooba tungekuwa tumeshahama. Lakini mtaro unasafirisha maji tu, haupunguzi, na ukijaa taka na buveera (mifuko ya plastiki) hata kusafirisha haufanyi.

Mimi nauliza kwa nini maji yanakuja mengi na kwa kasi hivi. Panda vilima vya Makerere au Mulago uangalie: palipokuwa na nyasi leo ni mabati, lami na peva (matofali ya kutandika uani) mpaka ukutani. Piga hesabu, paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 30, hizo ni lita 3,000, jerikani 150 kutoka nyumba moja! Zote zinaachiwa barabarani zishuke kwetu, na wiki ijayo mwenye nyumba huyohuyo analipia maji ya bomba kumwagilia maua.

Mvua ishikwe pale inapoangukia. Tangi chini ya paa. Peva zile zenye matundu ya kuotesha nyasi. Kando ya barabara badala ya zege tupu uwekwe mtaro mpana wa nyasi, na uani shimo la kina kifupi lenye kokoto na mimea ili maji yatulie yanywewe na udongo. Na hivi vifanyike mlimani, huku bondeni udongo umeshashiba hauwezi kunywa tena. China walianza na miji 16 mwaka 2015 kwa wazo hilihili, mji unyonye maji kama sponji, na sisi sponji tulizaliwa nayo, ni kinamasi cha Lubigi.

Lubigi ndiyo inayopokea maji yetu kabla hayajaenda mto Mayanja, kisha Kafu, mpaka Nile (wengi wanadhani yanaenda ziwa Victoria, hapana, ya mtaro wa Nakivubo ndiyo yanaenda huko). Mafunjo yanayapunguza kasi, yanachuja uchafu. Lakini kila lori la moramu (udongo wa kujazia) linalomwagwa pale kujenga linatunyang'anya nafasi ya maji, na maji yakikosa nafasi yanarudi nyuma, na nyuma ndiyo kwetu. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, walibomoa nyumba Lubigi, watu wakalia na mimi niliwahurumia kabisa, maskini wengine walinunua wakipewa karatasi. Walitakiwa kuzuiwa lori la kwanza lilipofika, siyo baada ya familia kuhamia.

Ombi langu kwa wakubwa wa jiji: plani ya nyumba mlimani isipitishwe kama haionyeshi maji ya paa yataenda wapi. Na waanze na mapaa makubwa, shule, makanisa, misikiti, masoko, kabla ya mvua za Septemba.

Mpangaji,
Bwaise, Kampala