Msiihukumu kadi kabla ya kuisikiliza

Ndugu Mhariri,

Katika toleo la wiki iliyopita, ukurasa wenu wa teknolojia ulimjibu msomaji aliyelalamika kwamba kifaa cha kurekodi joto alichojitengenezea kimeacha kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu. Jibu lilikuwa fupi: kadi imekwisha, anunue nyingine. Naomba nafasi nilipinge jibu hilo. Nimeona kadi nyingi zikitupwa zikiwa nzima, na linaloniuma zaidi ni vipimo vya siku nyingi vinavyotupwa pamoja nazo. Joto la juzi halipimiki tena leo.

Mimi ni fundi wa elektroniki na nafundisha vijana kuunda vifaa vidogo vinavyoendeshwa na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja. Mmoja wao aliunda kifaa cha kupima unyevu wa udongo. Kila baada ya dakika 10 kilipima na kuandika mstari mmoja kwenye faili. Alikiacha shambani siku 19. Aliporudi akakizima, akachomoa kadi na kuitia kwenye kompyuta. Faili ipo, jina lake sahihi, ukubwa baiti 0.

"Mwalimu, kadi imekufa," akaniambia, na machozi yanamlengalenga.

Nilimzuia asiifomati, yaani asiifute na kuiandaa upya. Tulifungua programu inayosoma kadi sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo baada ya kipande, bila kupitia orodha ya faili, tukashuka taratibu, kurasa na kurasa za sifuri tupu. Kisha vikatokea: tarehe, saa, unyevu, tarehe, saa, unyevu. Vilikuwa vimepangana kama alivyoviandika. Kadi ilikuwa imefanya kazi yake siku zote 19.

Kosa lilikuwa kwenye programu yake. Iliifungua faili siku ya kwanza na haikuifunga hata mara moja. Maikrokontrola hukusanya maandishi hadi yatimie baiti 512, yaani sekta moja, ndipo huyapeleka kwenye kadi. Lakini ukubwa wa faili hauandikwi kwenye orodha mpaka programu iifunge faili, au itoe amri ya kumwaga kila kilichobaki kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika kabla ya hapo, maandishi yapo lakini orodha inasema hakuna kitu. Mstari wake mmoja ulikuwa na baiti 30 hivi, kwa hiyo alichopoteza kweli ni mistari ya mwisho isiyozidi 17, yaani chini ya saa tatu. Angefuata jibu lenu, angepoteza zote.

Sababu ya pili ninayokutana nayo ni umeme, na hii ndiyo inayowachanganya watu wengi kwa sababu dalili zake zinahamahama. Leo kadi inasomeka, kesho inagoma. Inasoma vizuri, ikiambiwa iandike inazima. Kadi za SD zinataka volti 2.7 hadi 3.6. Vibao vingi vya kuchomekea kadi vina kidhibiti cha volti juu yake, vimetengenezwa vilishwe volti 5 ili kadi ipate 3.3. Mtu anasoma mahali kwamba kadi inataka volti 3.3, anaunganisha kibao chake kwenye pini ya volti 3.3, akidhani anaikinga kadi. Kidhibiti kile kinaweza kula volti 1 na zaidi kidogo, na kadi inabaki na 2 na ushee. Hapo hata kuamka ni bahati.

Hata anayelisha volti sahihi anaweza kukwama. Wakati wa kuandika, kadi inaweza kuvuta miliampea 100 au zaidi kwa mpigo mmoja mfupi. Pini ya volti 3.3 ya Arduino Uno, kibao maarufu cha maikrokontrola, imekadiriwa kutoa miliampea 50 tu. Volti inadidimia kwa kitambo kidogo sana, kadi inajianzisha upya katikati ya kazi, na multimita ya kawaida haioni chochote kwa sababu mpigo umeshapita. Ukiweka kapasita, kijihifadhi kidogo cha umeme, ya mikrofaradi 47 au 100 karibu kabisa na tundu la kadi, na ukafupisha nyaya, mara nyingi ugonjwa huo unapona siku hiyohiyo. Nyaya ndefu zenyewe ni adui. Nimewahi kuhangaika alasiri nzima na kifaa ambacho kilipona nilipozipunguza kutoka urefu wa mkono hadi urefu wa kidole.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kadi inajibu. Kila inapopelekewa sekta moja kwa njia ya SPI, yaani nyaya chache ambazo maikrokontrola huongea nazo na kadi, hurudisha baiti moja, na ukichukua biti tano za chini za baiti hiyo (tarakimu zake tano za mwisho za 0 na 1) unapata namba. Namba 5 maana yake imepokea. Namba 11 maana yake data imefika ikiwa imeharibika njiani, ingawa hiyo huipati mpaka uwe umewasha ukaguzi wa makosa, kwa sababu katika SPI huwa umezimwa. Namba 13 maana yake imeshindwa kuandika. Baada ya kupokea, kadi huushusha waya wake wa kutoa data na kuushikilia chini mpaka imalize kuandika ndani. Kwa kadi za SDHC, yaani za zaidi ya gigabaiti 2 hadi 32, muda huo unaruhusiwa kufika milisekunde 250. Programu iliyoandikwa isubiri milisekunde 10 itaitangaza kadi mbovu, kumbe haijamaliza tu. Ndiyo maana mtu anabadilisha kadi, mpya inafanya kazi kwa sababu ina kasi zaidi, naye anaamini ile ya kwanza ilikufa.

Hata asiyetaka kushuka hadi kwenye biti hizo anaweza kusikia. Katika maktaba ya kadi (msimbo ulioandikwa tayari) inayotumiwa na wengi kwenye Arduino, amri ya kuandika hurudisha idadi ya baiti zilizoandikwa. Ikirudisha 0, hakuna kilichoandikwa. Lakini mifano mingi ambayo vijana wanaiiga inatoa amri, haiangalii jibu, kisha inachapa kwenye skrini "imehifadhiwa". Hilo linanikera kuliko kosa lolote la waya. Mwanafunzi wangu yule alikuwa ameunganisha taa ya kijani iwake kila kipimo "kinapohifadhiwa", na iliwaka kila baada ya dakika 10 bila programu kuwa imeuliza chochote. Sasa nimewawekea sharti darasani: taa hiyo haiwaki mpaka faili imwagwe na jibu la kadi lisomwe.

Sisemi kadi hazifi. Zinachakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na zipo bandia zinazodai ukubwa zisizo nao: zikifika kiwango chao halisi, data mpya inafuta ya zamani au inapotea. Kuna programu kama H2testw na F3 zinazoijaza kadi yote kisha kuisoma tena na kulinganisha, na zikikuta kasoro hapo sina ubishi. Pia kadi za zaidi ya gigabaiti 32 kwa kawaida huja na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, ambao maktaba ile ya Arduino haiufahamu. Hiyo si kadi mbovu, inataka tu kufomatiwa upya kwa FAT32, mfumo ambao maktaba hiyo inaufahamu, kama haina kitu cha kuokoa.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mumjibu upya msomaji yule. Kama kadi bado anayo, asiifomati na asiandike chochote juu yake. Aisome sekta kwa sekta kwanza. Kisha apime volti kwenye miguu ya tundu la kadi, si kwenye pini za kibao, na apime kifaa kikiwa kinaandika. Nami niko tayari kuisoma kadi hiyo bila malipo, mkiona vema kutuunganisha.

Msomaji wenu,
Fundi na mwalimu wa elektroniki