Baridi ya Mbeya inasingiziwa

Mhariri,

Nimekusoma kwa miaka mingi bila kukusumbua, na ningeendelea hivyo kama si ile habari yako ya kinanda cha mabomba cha kanisa moja la Mbeya, kilichotoka Ujerumani, eti "kimeshindwa na hali ya hewa ya Nyanda za Juu". Uliandika kwamba kimeishiwa nguvu, sauti zimevurugika, na kamati ya kanisa inafikiria kununua cha umeme chenye spika. Hakuna aliyeuliza kilichofanyika ndani ya kinanda chenyewe.

Tuanze na nguvu. Mota ya feni inayojaza mvukuto kwenye vinanda vingi vya Ujerumani ni ya fezi tatu. Waya mbili zikipishana, feni inazunguka kinyumenyume, na hapo ndipo wengi hunasa, maana feni ya aina hiyo hata ikienda kinyume bado hutoa upepo upande uleule, ila hafifu. Noti moja inalia vizuri, ukibonyeza tano mvukuto unazama. Zima umeme, badilisha waya mbili kati ya zile tatu, washa tena. Halafu pima: ng'oa bomba moja, chomeka kwenye tundu lake mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji, kisha bonyeza noti yake. Maji ya upande mmoja yakipanda juu ya mwenzake kwa milimita 60 hadi 90, upepo upo. Kazi ya bisibisi na dakika kumi.

Sasa sauti, na hapa ndipo habari yako iliponichefua. Katika picha mtaalamu amelikumbatia bomba kwa kiganja kizima, simu ya kupimia sauti mkononi, jua la mchana linaingia mlangoni. Mabomba yale ni mchanganyiko wa madini ya risasi na bati. Yakishikwa tu yanapata joto na sauti inapanda. Fundi anaishusha ipatane na simu, bomba linapoa, linabaki chini. Halafu saa yenyewe. Saa nane mchana mwezi Julai, chini ya paa la mabati, ndani panaweza kufika nyuzi 24. Ibada ya kwanza ni saa moja asubuhi, ndani kuna nyuzi 12. Bomba la mdomo, lile linalolia kama filimbi, hushuka kwa takriban sehemu 3 kati ya 100 za nusu-toni (hatua ya noti moja hadi jirani yake) kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua. Zidisha kwa 12: noti ya A iliyopangwa mitetemo 440 kwa sekunde mchana inalia karibu 431 asubuhi. Yanashuka yote pamoja, kwa hiyo waumini wasingejua lolote, kama si mabomba ya ulimi, ile safu ya tarumbeta, ambayo sauti yake inatoka kwenye kibati cha shaba nyeupe kinachotetema na haijali sana baridi. Yanabaki juu peke yake, na kanisa zima linasikia ugomvi. Fundi asiyejua atapanda ngazi kuvuta mamia ya mabomba ya mdomo yafuate tarumbeta, na mchana ukifika yote yako juu. Anayejua hagusi ya mdomo. Anagonga waya wa kurekebishia wa ile safu moja, mabomba 54 au 56, asubuhi ileile, milango ikiwa imefungwa. Na simu aiweke mfukoni baada ya kupata noti ya kwanza. Nyingine zinasikilizwa kwa sikio, mbili mbili, mpaka ule mtetemo wa wa-wa-wa upungue na kutulia. (Bomba lililonyamaza kabisa lichunguliwe kwanza. Nyigu wa udongo hawangoji mwaliko wa kamati.)

Mbao ni balaa jingine. Upande wa Njombe niliitwa kwenye kinanda ambacho ukibonyeza noti moja, mabomba ya jirani nayo yanalia. Februari, mvua ikiwa imekolea, mbao za kuteleza zinazofungua na kufunga safu zilikuwa zimevimba zikagoma. Seremala akazipiga randa. Zikateleza kama sabuni! Kufika Septemba ukavu umezisinyaza, pengo limebaki, upepo unatambaa kutoka tundu hadi tundu na mabomba ya jirani yananong'ona. Ili kuziba, mtu alimimina silikoni ya madirisha kwenye maungio na juu ya ngozi ya mvukuto. Ngozi ile ingebandikwa kwa gundi ya moto, ya ngozi, ambayo kesho ukitaka kuifungua inakubali maji ya uvuguvugu. Silikoni haifunguki hivyo, na gundi nyingine haishiki pale ilipopita. Na kiraka chenyewe kilikuwa ngozi mbichi ya mbuzi, kama ya ngoma: inakauka, inakakamaa, inapasuka kwenye mkunjo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mbao, gazeti lako lichunguze siku moja paini inayouzwa kama "kavu" kandokando ya barabara pale Mafinga. Ukikata ubao unalowesha meno ya msumeno. Milango ya nusu ya nyumba za mkoa huu haifungi kwa sababu hiyo, na mnailaumu bawaba. Sanduku la upepo, lile mabomba yanakosimama, linataka mninga uliokaa kivulini miaka, si mti uliokuwa umesimama Jumanne iliyopita.

Pendekezo langu kwa kamati, kabla ya kuitisha harambee ya spika: wanunue kipimajoto kimoja, wakitundike ndani ya kinanda, si ofisini kwa mhasibu. Wanunue daftari la kurasa 96, mpiga kinanda aandike kila Jumapili saa, nyuzi na safu iliyogombana. Funguo za kinanda ziwe mbili, na randa yoyote itakayoonekana kanisani kati ya Novemba na Mei ifungiwe kabatini pamoja na divai ya meza ya Bwana.

Fundi wa vinanda, Iringa