Anza kuandika kabla ya kidonge cha kwanza

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Kumbe wiki ijayo mwanao anaanza dawa ya ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili! Kama inamfaa au la, hayo ni yenu na daktari. Nina ombi moja tu: anza kuandika leo, kabla hajameza chochote.

Mimi sikuandika, nikajuta. Wiki ya pili mwanangu alipolalamika tumbo, niliapa ni dawa. Baba yake akasema mbona tumbo hilo limemsumbua kila Jumatatu asubuhi tangu zamani. Tukabaki kubishana, ushahidi hakuna.

Daftari lolote litakufaa. Andika saa aliyomeza, alivyokula, saa aliyopata usingizi. "Leo alikuwa mzuri" haimsaidii daktari. Andika "alikaa na hesabu dakika 15, akainuka mara mbili".

Saa ndizo zilizonifumbua macho. Wangu alianza na methilifenideti ya muda mfupi, ambayo huanza kazi ndani ya saa moja hivi na kuisha nguvu baada ya saa tatu hadi tano. Kila alasiri alikuwa akilia na kurusha viatu, nami nikiilaani dawa. Kumbe kwenye daftari kilio kilikuja kila mara dawa ikimwishia mwilini! Daktari hakuiondoa, alipanga upya nyakati za kumeza. Wenu wakimpa atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, hesabu ni nyingine: hiyo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu.

Mwombe mwalimu naye ajaze fomu ya daktari, mara moja kabla ya dawa na tena baadaye. Sisi wa nyumbani mara nyingi tunamwona mtoto dawa ikiwa imeshakwisha.

Hamu ya kula inaweza kupungua, basi apimwe uzito kila miezi 3 kama hajapita miaka 10, na urefu kila miezi 6. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu yapimwe kila dozi inapobadilishwa. Akizimia au akiumwa kifua, usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia. Dozi ilipoongezwa, mwanangu alitulia tuli. Majirani wakanipongeza, hata mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Usiku nikifungua daftari nikaona nimeandika siku 4 mfululizo: "hajacheka". Nilipomuuliza, alisema anajisikia kama yuko nyuma ya dirisha. Nikampelekea daktari maneno yake hayohayo, dozi ikapunguzwa. Siku ya pili alimwaga chai akimwigiza babu yake anavyokoroma, nikaiandika hiyo nayo.

Nisalimie baba watoto. Ukishajaza ukurasa wa kwanza, nipigie tuusome pamoja.

Wako,
Shoga yako wa siku zote