Mwanangu, kabla hujafunga boksi la vitabu

Mwanangu mpenzi,

Najua tunaishi chini ya paa moja na ungenisikia hata nikikuita kutoka sebuleni. Lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitayaharibu, unanijua. Zimebaki siku nne uondoke.

Ni mimi niliyekuwa nachomoa vitabu kwenye boksi lako mwezi mzima huu. Nimevirudisha nilivyovikuta, ila kile kinene cha majoka kimepinda jalada kwa kuwa nilisinzia nacho kifuani. Kwa jalada nisamehe. Kwa kuvisoma siombi radhi.

Nilianza kwa wasiwasi. Kile kinene ulikifunika gazeti, na wewe hujafunika kitabu tangu shule ya msingi. Nikajiuliza, anamficha nani? Mdogo wako hashiki kitabu asicholazimishwa, na baba yako hajawahi kupekua vitu vyako. Basi aliyefichwa ni mimi.

Nikakifungua. The Priory of the Orange Tree cha Samantha Shannon, cha mwaka 2019, kurasa zaidi ya 800. Malkia lazima azae binti, maana watu wake wanaamini ukoo ule ukikatika, joka lililofungwa litafunguka. Na kuna mwanamke aliyetumwa kumlinda kwa siri, ndiye anayekuja kumpenda. Nilipofika pale wanapopendana nikaweka kitabu chini, nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Kisha nikazianika tena, nikarudi.

Kilichonishika ni ile mimba inayoharibika. Ufalme mzima ulikuwa umeiegemea, na yeye analala pale na uchungu wake. Nilizisoma kurasa zile mara mbili. Kati yako na mdogo wako pana miaka saba. Hujawahi kuniuliza kwa nini, wala mimi sijawahi kusema. Kwa hiyo ukinyamaza, najua umejifunza wapi.

Lakini usininyamazie, mwanangu. Huko uendako sitakuwa na mlango wa kusimama nje nikisikiliza kama umelala.

Kile cha Ursula K. Le Guin, The Left Hand of Darkness, cha 1969, ni chembamba zaidi ila kilinitoa jasho. Sayari ya barafu, na watu wake si wanaume wala wanawake, isipokuwa siku chache za kila mwezi ambapo mwili unaelekea upande mmoja, na hakuna ajuaye mapema utakuwa upi. Mfalme anapata mimba! Mwandishi aliwataja wote kwa neno la Kiingereza la kiume, na miaka ya baadaye akaja kukiri kuwa uamuzi ule haukumridhisha. Mimi nilikuwa namsimulia baba yako usiku, taa imezimwa: alikuja, akasema, akaondoka, akajifungua. Hakuna kilichokwama. Hii “a” yetu haimuulizi mtu ana nini mwilini. Nimeisema lugha hii tangu nizaliwe, na sikuwahi kuliona hilo mpaka niliposoma kitabu cha lugha nyingine.

Baba yako akauliza, “Huyo anayevuta naye sleji, lile gari la kuteleza kwenye barafu, ni mume au mke?” Nikamwambia ni mtu. Akakaa kimya, halafu akasema, “Haya, endelea.”

Tena mle ndani kuna mjumbe anayemshuku, karibu nusu ya kitabu, yule yule aliyekuwa upande wake tangu mwanzo. Hapo nilikufikiria wewe. Usinifanyie hivyo.

Siku ile mezani, nilichosema juu ya mtoto wa jirani. Ulikuwepo. Kijiko chako kilisimama njiani, kisha ukala haraka ukaondoka. Nilikiona kijiko. Sikusema kitu, nikatoa vyombo.

Sitakudanganya kwamba mwezi mmoja umenigeuza. Yapo nisiyoyaelewa, na mengine yananitisha, hasa nikifikiria watu watakavyokutendea. Pembeni ya ukurasa mmoja umeandika “ndiyo” kwa penseli, herufi ndogo, umebonyeza mpaka karatasi imeingia ndani. Sikuulizi ni ndiyo ya nini. Kama ni ya hadithi tu, sawa. Kama ni yako, niambie mimi kabla hujawaambia watu baki. Na usipoweza sasa, niambie baadaye, hata saa nane za usiku. Simu sitaizima.

Ila kile kingine umekipigia mistari kwa wino. Kitabu si daftari! Na wewe, msomaji hodari hivi, mbona barua ya mwisho uliyomwandikia bibi yako ilikuwa na sentensi tatu?

Nimekuwekea Kusadikika yangu juu kabisa. Uliwahi kuniambia siwezi kuelewa hadithi za nchi zisizokuwepo. Shaaban Robert aliitoa 1951, nchi inayoelea angani, na wajumbe wake sita wanatumwa huku na huku kutafuta maarifa, wakirudi wanatupwa gerezani. Nilikuwa mdogo kuliko wewe nilipoisoma, na niliwalilia wale wajumbe. Nilisahau kwamba niliwalilia.

Lala mapema. Usimkopeshe mtu ambaye huwezi kumdai. Wakikucheka kwa unachosoma, waache, lakini niambie.

Kitasa cha dirisha la chumbani kwako kimelegea tena, kikaze kabla ya Jumamosi. Mdogo wako ameshaanza kupima kitanda chako kwa mikono, nimemwambia shuka zako hazitoki pale. Sweta la kijivu bado bichi, usilifungashe litanuka.

Na kile cha barafu niachie. Baba yako alilala sura mbili za mwisho, anataka nimsimulie upya.

Mama yako