Kocha wa Miaka Ishirini na Miwili

Mpendwa Mwalimu mwenzangu,

Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema chuo kimekuomba uifundishe timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, nawe unasita kwa kuwa hujawahi kuwa hata kocha msaidizi. Kwa kuwa unajua ninavyofuatilia michezo ya vyuo vya Marekani, umeniuliza makocha wakuu wa huko hupitia njia gani hadi kukikalia kiti hicho.

Njia iliyozoeleka ni ndefu. Mtu humaliza kucheza, akawa msaidizi wa malipo kiduchu huku akisoma shahada ya pili, akazunguka shule za sekondari kutafuta wachezaji, kisha akapewa chuo kidogo. Akishinda huko ndipo wakubwa humwita. Kim Caldwell, aliyekabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 2024, aliiongoza kwa misimu 7 timu ya Glenville State, chuo kidogo cha West Virginia alichokuwa amekichezea, akatwaa nacho ubingwa wa daraja la pili mwaka 2022, akapita Chuo Kikuu cha Marshall kwa msimu mmoja tu, ndipo simu ikalia.

Lakini Pat Summitt, aliyeijengea Tennessee jina, hakuzipanda ngazi hizo. Mwaka 1974 alikuwa binti wa miaka 22, ndiyo kwanza amemaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Tennessee tawi la Martin, na goti lake lilikuwa bovu kwa kano iliyokatika akiwa mchezaji. Alikwenda Knoxville, kwenye chuo kikuu chenyewe cha Tennessee, kusoma shahada ya uzamili na kusaidia timu. Kabla msimu haujaanza kocha mkuu akaondoka, timu ikamwangukia yeye. Wachezaji wake kadhaa walikuwa wadogo kwake kwa mwaka mmoja tu. Alilipwa dola 250 kwa mwezi, akafua jezi kwa mikono yake, akaendesha mwenyewe basi dogo la timu safarini, na hizo jezi zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha za kuuza donati. Katika mechi ya kwanza alifungwa na Chuo Kikuu cha Mercer 84 kwa 83. Pointi moja! Ningekuwa mimi, ningerudi darasani kesho yake na kukaa kimya.

Yeye alibaki, tena bado alikuwa mchezaji: mwaka 1976 alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki mjini Montreal, na mwaka 1984 akaiongoza timu ya taifa kama kocha hadi dhahabu mjini Los Angeles. Ubingwa wake wa kwanza wa vyuo aliupata mwaka 1987, baada ya kungoja miaka 13, na hadi mwaka 2008 alikuwa amefikisha 8.

Hata hivyo, Mwalimu, usije ukadhani alipewa kiti kile kwa kuwa watu waliona kipaji chake. Sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu ilikuwa imepitishwa mwaka 1972 tu, na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, hakikuandaa mashindano ya ubingwa wa mpira wa kikapu kwa wanawake hadi mwaka 1982. Kiti kilikuwa wazi kwa sababu kilidharauliwa. Nashuku hata hicho unachopewa wewe kimebaki wazi kwa sababu hiyohiyo, na hilo silioni kuwa jambo baya kwako.

Mwezi Agosti 2011 Summitt alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu, akaongoza msimu mmoja zaidi, na Aprili 2012 akaachia ngazi akiwa na ushindi wa mechi 1,098 katika misimu 38, yote chuoni palepale. Aliyemrithi ni Holly Warlick, mchezaji wake wa zamani, aliyekuwa amekaa kwenye benchi lake kama msaidizi tangu mwaka 1985. Kocha ambaye hakungoja hata msimu mmoja alirithiwa na mtu aliyengoja miaka 27.

Nijulishe umeamua nini. Ila kabla hujawajibu wakuu wa chuo, waulize mipira iko mingapi, na jezi atazifua nani.

Wako daima,
Mwalimu mwenzako